Projesteroni 1.9 siku ya 21, na kipimo cha mkojo kina mistari miwili: kipi kinadanganya?

#1 Tarishi
Salaam wakuu. Naweka majibu haya mezani tuyachambue, majina nimeyaondoa. Mke miaka 33, mume 37, miezi 14 bila kinga, mimba haijaingia hata mara moja. Mzunguko wa mke unacheza kati ya siku 31 na 36. Mwezi huu kipimo cha mkojo cha LH, homoni inayoamuru ovari itoe yai, kimetoa mistari miwili tangu siku ya 15 hadi ya 19. Damu ya projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, ikachukuliwa siku ya 21 ya mzunguko, ikasoma 1.9. Aliyesoma majibu kaandika "yai halikutoka" na kumwandikia klomifeni, dawa ya kuamsha ovari itoe yai. Mimi nasema mistari miwili ni ushahidi tosha kwamba yai lilitoka, kwa hiyo maabara ndiyo iliyokosea. Mwenye kupinga apinge.

#2 Kokotoo
Napinga, ila simlaumu mtu wa maabara. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai likishatoka, kifuko kilichobaki kwenye ovari ndicho kinachozalisha projesteroni, na kilele chake ni kama siku ya saba baadaye. Ndiyo maana damu huchukuliwa siku 7 KABLA ya hedhi inayotarajiwa: 28 toa 7 ndiyo hiyo 21. Huyu wa siku 31 hadi 36 siku yake iko kati ya 24 na 29. Kwa kuwa hakuna anayejua mapema mwezi huu utaishia wapi, anapimwa siku ya 24, halafu tena kila baada ya wiki mpaka hedhi ije.

#3 Nukta
Yaani damu ilifika kituoni kabla ya basi.

#4 BintiMizani
Tarishi, mambo mawili kabla hatujaenda mbali.

1.9 nini? Projesteroni inaandikwa kwa nanogramu kwa mililita au kwa nanomoli kwa lita, na nanogramu moja ni kama nanomoli 3.18. Namba isiyo na kipimio haisomeki. Nimeona watu wakilia kwa sababu ya "10" iliyokuwa nanomoli, na wengine wakishangilia hiyohiyo.

La pili, mistari miwili kwenye kipimo cha LH SI chanya. Mmezoea kipimo cha mimba, ambacho hata mstari hafifu unahesabika. LH ipo kwenye mkojo karibu mwezi mzima, kwa hiyo mstari wa pili kuonekana ni kawaida. Chanya ni pale mstari wa kipimo unapokoza sawa na ule wa rejea, au kuuzidi. Na usomwe ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Uliokauka mezani usiku kucha usiuhesabu.

#5 Tarishi
Nimekubali kosa, asante dada. Kipimio ni nanogramu kwa mililita. Picha nilizo nazo: siku ya 15 hadi 18 mstari ni hafifu, siku ya 19 jioni imelingana na ya rejea. Siku ya 20 hakupima.

#6 Kokotoo
Basi kesi imekwisha. LH ikipanda, yai hutoka ndani ya saa 24 hadi 36. Chanya siku ya 19 jioni ina maana yai lilitoka siku ya 20 usiku au 21. Damu ikavutwa siku ileile ya 21. Projesteroni siku hiyo ndiyo kwanza inaanza kupanda, na 1.9 inaingia hapo vizuri. Hakuna anayedanganya, kalenda tu ndiyo iliyosomwa vibaya.

#7 Mbishi
Haijakwisha, Kokotoo. Kupanda kwa LH ni amri ya kutoa yai, na amri si utekelezaji. Kuna kifuko kinachopata amri, kikageuka na kuanza kutoa projesteroni, lakini hakipasuki, yai linabaki ndani. Mkojo utaonyesha chanya, joto la asubuhi litapanda zile nyuzi 0.2 hadi 0.5, hedhi itakuja kwa wakati. Kila kitu kinafanana isipokuwa yai halipo. Anayeweza kukiona hicho ni mtu wa altrasaundi anayefuatilia kifuko kila baada ya siku moja au mbili.

Halafu kuna wenye vifuko vingi kwenye ovari. LH yao inakaa juu mwezi mzima, kipimo kinasoma chanya leo, kesho hasi, keshokutwa chanya. Hiyo mistari hafifu ya siku nne mfululizo inanitia shaka.

#8 BintiMizani
Mbishi ana hoja kwenye kifuko kisichopasuka, ingawa mwezi mmojammoja wa namna hiyo humtokea hata mwenye uzazi mzuri. Kwenye mistari hafifu hapana. Nimesema kwenye #4 kwamba hafifu ni kawaida. Hafifu inaongezeka pia ukipima mkojo uliojaa maji. Njia salama ni kutokunywa maji mengi na kutokojoa kwa kama saa mbili, halafu kupima mchana au jioni.

Kiwango cha projesteroni: ikizidi nanogramu 3 tunasema yai limetoka. Baada ya hapo msishindane kwa namba. Homoni hii hutolewa kwa mapigo, asubuhi inaweza kuwa 6 na saa chache baadaye 14 kwa mwanamke yuleyule. Anayemwambia mtu "projesteroni yako 9 ni dhaifu" kwa tone moja la damu anabahatisha.

Na aulizwe kama anameza vidonge vya nywele na kucha. Vina biotini nyingi, ambayo ni vitamini, na mashine nyingi za homoni zinatumia biotini ndani yake. Kwenye mashine hizo projesteroni na estradioli (homoni ya kike ya ovari) zinapanda kwa uongo, TSH (homoni inayoamuru thairoidi) na LH zinashuka kwa uongo. Aache siku mbili tatu kabla ya kutoa damu.

#9 Mshumaa
Majibu mengine yapo? FSH inayokuza vifuko, AMH inayoonyesha akiba ya mayai, prolaktini ambayo ni homoni ya maziwa, thairoidi?

#10 Tarishi
Yapo. Siku ya 3: FSH 5.8, LH 9.6, estradioli haikupimwa. AMH 7.9 nanogramu kwa mililita. TSH 2.1. Prolaktini 31 nanogramu kwa mililita, wamezungushia duara jekundu na kuandika "homoni zimevurugika".

#11 Nukta
"Homoni zimevurugika" ni kama fundi kukwambia gari "lina tatizo la umeme".

#12 Mshumaa
😂 Kweli kabisa. Prolaktini 31 mimi nisingeikimbilia na dawa. Inapanda kwa usingizi, mazoezi, kula, msongo, kuchokonolewa matiti, hata kuogopa sindano. Dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi na baadhi ya dawa za akili nazo zinaipandisha. Irudiwe asubuhi, saa mbili au tatu tangu kuamka, bila kula, akae kimya dakika 20 kabla ya kuchomwa. Ikibaki juu, maabara ichunguze prolaktini kubwa, ile iliyogandamana na kingamwili. Mashine inaihesabu lakini mwilini haina kazi kubwa.

FSH bila estradioli ni nusu jibu. Estradioli ikiwa juu siku ya 3 inaibana FSH chini na kuficha ovari iliyochoka. Kwa huyu AMH 7.9 inatuondolea hofu hiyo.

#13 Mbishi
AMH 7.9 na LH inaizidi FSH, mnataka nini tena? Ni ovari yenye vifuko vingi.

#14 Mshumaa
Uwiano wa LH na FSH si kigezo. Vigezo vya Rotterdam vya 2003 vya kutambua tatizo hilo vinataka mawili kati ya matatu: mzunguko usiotabirika, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari yenye vifuko vingi. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaruhusu AMH itumike badala ya altrasaundi kwa watu wazima, kwa hiyo hilo la tatu nakupa. Lakini mzunguko unahesabiwa mbovu ukizidi siku 35 au ukiwa chini ya 21. Wake ni 31 hadi 36, amekaa juu ya ukuta. Testosteroni haikupimwa, chunusi na ndevu hazikuulizwa. Tuna kimoja na nusu.

#15 Darubini
Mabandiko kumi na manne na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbegu za mume. Mwanamke kachomwa sindano tatu, kakojolea vijiti wiki nzima, yuko mlangoni pa klomifeni. Mume yuko wapi? Upande wa mwanamume unachangia karibu nusu ya kesi hizi, na kipimo chake ni kikombe kimoja. Kianze.

#16 Nukta
Mume alikuwa anapaki gari.

#17 Tarishi
Kipo, nilitaka kukileta baadaye. Siku za kujizuia: 9. Kutoa: saa 2:10 asubuhi, nyumbani. Kusomwa: saa 4:05. Ujazo 1.1 ml, pH 8.0, mbegu milioni 22 kwa mililita, zinazotembea 28%, zinazokwenda mbele 19%, umbo zuri 2%, "seli za usaha" milioni 3 kwa mililita. Hitimisho lao: "mbegu dhaifu, maambukizi". Kaandikiwa antibayotiki wiki tatu.

#18 Kokotoo
Milioni 22 si iko sawa? Kikomo ni 20.

#19 Darubini
Kokotoo, 20 ilikuwa ya mwongozo wa WHO wa 1999. Wa 2010 ukashusha hadi 15, wa 2021 ukaweka 16. Mstari huo haugawi wenye uzazi na wasio na uzazi. Walichukua wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakaangalia asilimia tano ya chini kabisa iko wapi. Kwa hiyo kuna baba zao watu walio chini ya mstari, na kuna walio juu yake bado wanahangaika. Orodha ya 2021: ujazo 1.4 ml, jumla ya mbegu milioni 39, zinazotembea 42%, zinazokwenda mbele 30%, umbo 4%, zilizo hai 54%.

Sasa karatasi ya Tarishi. Tuanze na saa. Kutoka 2:10 hadi 4:05 ni dakika 115. Mwendo unatakiwa kusomwa nusu saa baada ya kutoa, na usipite saa moja. 28% ya dakika ya 115 huwezi kuilinganisha na 42%, mbegu zimekaa kwenye kikombe zikipoa na kukauka. Siku 9 za kujizuia nazo ni nyingi, kipimo kinataka 2 hadi 7. Ukizidisha, idadi inaongezeka lakini mwendo na uhai vinashuka, mbegu za zamani zimelundikana.

Kinachonisumbua ni ujazo. Baada ya siku 9 ulitakiwa uwe mwingi, si 1.1. Milioni 22 mara 1.1 ni milioni 24 tu kwa jumla, chini ya 39. Sababu ya kwanza kuulizia ni kumwagika. Mwanzo wa bao ndio wenye mbegu nyingi, na ndio unaotoka kabla mtu hajaelekeza kikombe vizuri. Ukipotea, kinachobaki ni majimaji ya vifuko vya shahawa, ambayo yana pH ya juu, na hapa pH ni 8.0. Sababu ya pili ni shahawa kurudi nyuma kwenye kibofu, kwa wenye kisukari au wanaotumia tamsulosini, dawa ya tezi dume. Hiyo inajulikana kwa kupima mkojo mara tu baada ya kutoa. Mirija kuziba mwishoni kabisa siiweki, kwa sababu hapo pH ingekuwa ya asidi na mbegu zisingekuwepo.

#20 BintiMizani
Nyongeza: pH 8.0 inaweza pia kuwa ni uzee wa sampuli, hewa ya kaboni dioksidi ikishatoka pH inapanda. Na ujazo waliupimaje? Wakivuta kwa bomba la sindano, kiasi kinabaki kwenye kuta. Njia sahihi ni kupima uzito wa kikombe kitupu na kikiwa na sampuli, gramu moja ni kama mililita moja.

#21 Darubini
Kweli kabisa, hilo la pH kuzeeka nililisahau.

#22 Mbishi
Mnazunguka. Usaha milioni 3, kikomo ni milioni 1. Ni maambukizi, yanaua mwendo, amalize antibayotiki ndipo mpige hesabu za pH.

#23 Darubini
Nilikuwa naingoja hiyo. Chini ya darubini bila rangi maalumu, chembe nyeupe za damu na mbegu changa ambazo hazijakomaa zote ni seli za duara. Fundi mvivu anaziita zote usaha. Kuzitenganisha kunahitaji rangi ya peroksidesi: chembe nyeupe zinashika kahawia, mbegu changa hazishiki. Kikomo cha milioni 1 ni cha hizo zilizoshika rangi, si cha seli zote za duara. Karatasi haikutaja rangi yoyote. Zikishika, sawa, tafuta klamidia na kisonono kwenye mkojo wa kwanza kwa kipimo cha vinasaba, otesha shahawa, utibu ulichokipata. Wiki tatu za antibayotiki kwa kubahatisha ni kulipua tu.

#24 Mbishi
Na zikiwa ni chembe nyeupe kweli, utakuwa umempotezea mwezi.

#25 Darubini
Rangi yenyewe inachukua chini ya saa moja, Mbishi. Mwezi unatoka wapi?

#26 Mshumaa
Arudie lini? Nimezoea kusikia miezi mitatu.

#27 Darubini
Miezi mitatu ni kwa sababu mbegu moja inachukua kama siku 74 kutengenezwa, halafu safari ya kukomaa na kutoka. Ukibadilisha kitu mwilini, au ukitoka kwenye homa kali, unangoja kundi jipya. Hapa kilichoharibika ni upimaji, kwa hiyo hana cha kungoja, arudie wiki ijayo.

Namna ya kurudia: ajizuie siku 3, na akirudia tena baadaye ziwe 3 hizohizo ili namba zilinganike. Akojoe kwanza, aoshe mikono na uume kwa sabuni, asuuze vizuri, akauke. Asitumie mate wala mafuta wala losheni, vyote vinaua mwendo. Kondomu ya kawaida hapana. Kikombe kiwe cha mdomo mpana kutoka maabara. Atolee palepale maabara ikiwezekana. Kama ni nyumbani, kikombe kikae karibu na mwili, kisiwekwe kwenye barafu wala juani, kifike ndani ya nusu saa, na saa ya kutoa iandikwe. Tone likimwagika aseme, na aseme ni la mwanzo au la mwisho. Watu wanaona aibu kusema, halafu karatasi inawasema vibaya zaidi.

Swali la mwisho kwake: anachoma testosteroni ya mazoezi? Ile inazima kabisa uzalishaji, ubongo unaona homoni zimejaa unaacha kutuma FSH na LH.

#28 Tarishi
Hachomi. La kumwagika sijui, nitamuuliza. Wakuu, mirija basi tuiache? Altrasaundi ya tumboni imeandika "mirija yote miwili iko wazi".

#29 Picha_Nyeusi
Nimeamka kwa hilo. Mrija wenye afya hauonekani kwenye altrasaundi ya kawaida, sembuse uwazi wake. Unaonekana ukijaa maji na kuvimba, na hiyo ni habari mbaya. Aliyeandika "iko wazi" kaandika matumaini, na anayeandika "imeziba" kwa kipimo hichohicho naye vilevile.

Kinachofaa ni HSG, yaani eksirei ya kizazi na mirija inayopigwa dawa ya kuonekana ikipitishwa ndani, au altrasaundi ya kupitisha povu. HSG inafanywa damu ikishakatika na kabla yai halijatoka, kwa wengi siku ya 6 hadi 11. Tangu hedhi ianze asikutane na mumewe mpaka apime. Apimwe klamidia kabla, dawa isije ikasukuma wadudu juu. Ameze ibuprofeni 400 mg saa moja kabla. Mwenye mzio wa dawa za eksirei zenye ayodini aseme mapema. Dawa inaingia kama mililita 5 hadi 10 polepole, na maumivu ni kama ya hedhi kali kwa dakika chache.

Majibu yasomwe kwa maneno matatu: imejaa, imefika mwisho, imemwagika. Dawa ikikwama mwanzoni kabisa, kwenye kona ya kizazi, usikimbilie kusema imeziba. Msuli wa pale unajibana ukisukumwa kwa nguvu, au kuna kipande cha ute, au dawa imechagua mrija mwingine ulio rahisi. Mpimaji mzuri anasubiri, anapunguza kasi, anamgeuza mgonjwa, anajaribu tena. Ikikwama mwishoni na mrija umevimba, hapo ni kweli. Maji yale yanarudi kwenye kizazi na kupunguza karibu nusu nafasi ya mimba kwa upandikizaji (IVF), kwa hiyo mrija unaondolewa au kubanwa kabla ya upandikizaji huo.

#30 Mshumaa
Na ile dawa ya HSG ya mafuta? Utafiti wa Uholanzi wa 2017 ulipata mimba zinazoendelea 39.7% ndani ya miezi sita kwa dawa ya mafuta, dhidi ya 29.1% kwa ya maji.

#31 Picha_Nyeusi
Upo. Lakini walikuwa wanawake wa miaka 18 hadi 39 wasio na hatari kubwa ya mirija, na ya mafuta inaacha ayodini mwilini muda mrefu, thairoidi ifuatiliwe. Kwa nini inasaidia, kila mtu ana lake: wengine wanasema inasafisha ute, wengine inatuliza kinga ya kizazi. Mimi niko na wa ute.

#32 Mbishi
HSG haioni endometriosisi, yaani tishu za ndani ya kizazi kuota nje yake, iandikeni hiyo. Mrija unamwaga vizuri na nje yake kumeshikana kama gundi. Hiyo inataka kamera ya tumboni.

#33 BintiMizani
Hakuna aliyekataa. Ila kamera ni ganzi na visu, huanzi nayo kwa mtu asiye na maumivu. Kwa klomifeni, mimi naiweka pembeni: 50 mg siku tano haina maana kama jumla ya mbegu iko hoi au mirija yote imefungwa. Ikithibitika ni ovari ya vifuko vingi, letrozoli, dawa nyingine ya kuamsha yai, ndiyo inayotangulia siku hizi, na altrasaundi mwezi wa kwanza kuhesabu vifuko, wasije wakaja watatu.

#34 Tarishi
Nimerudi. Hedhi imekuja siku ya 34.

#35 Kokotoo
34 toa 21 ni 13! Nusu ya pili siku 13, safi kabisa. Yai lilitoka. Siku ya damu ilikuwa ya 27.

#36 Mbishi
Nimesema kwenye #7, kifuko kisichopasuka nacho kinaleta hedhi kwa wakati. 13 haithibitishi kitu.

#37 Tarishi
Kuna jambo. Nimemuuliza anahesabuje siku ya kwanza. Anaanza na yale matone ya kahawia, damu yenyewe huja kesho yake au keshokutwa.

#38 Nukta
Kokotoo kaa chini.

#39 Kokotoo
Nimekaa. Siku ya 1 ni damu nyekundu ya kutiririka, matone ni ya mzunguko uliopita. Kama anakosea mwanzo na mwisho sawasawa, urefu wa 31 hadi 36 haubadiliki sana. Ila siku ya 21 yake ilikuwa 19 au 20, FSH ya "siku ya 3" ilikuwa ya 1 au 2, na mwezi huu nusu ya pili yaweza kuwa 14 au 15. Tarishi, mwulize matone yalikuwa siku moja au mbili, mwezi uliopita na huu.

#40 Darubini
Na umuulize mume kuhusu kikombe.